Mitaro Niliyowachimbisha Watu wa Mlimani

Shamim mwanangu,

Umeenda Nakaloke kumuaga bibi yako, na najua hatakuachia mpaka umekula ukashiba, kwa hiyo nina mchana wote huu wa kuandika. Barua hii nitaitia kwenye begi lako, chini ya zile gauni mbili ulizopiga pasi jana. Usiifungue kabla gari halijapita Iganga. Ukiisoma hapa Nabuyonga utanijia uso kwa uso, na mimi nitaanza kujitetea, wajua nilivyo na mdomo. Nataka uisome mahali ambapo siwezi kukukatiza.

Habari za chakula, za neti, za kufunga mlango na za wanaume wa Jinja nimekwisha kukuambia mpaka ukaziba masikio. Hayo yapite. Sala zako ni zako na Mola wako. Nataka kukuambia habari ya kazi unayokwenda kuifanya, kwa sababu naijua kuliko ninavyokubali mbele ya majirani, na kwa sababu katika ofisi ile kuna faili moja lenye jina langu.

Siku ulipopata barua ya kazi ulisimama mlangoni pa jiko ukicheka. "Mama, watanilipa kwa kutazama tu! Natembea, naangalia mradi huu umefaa, ule haukufaa, naandika, basi." Nilicheka nawe, nikakupikia pilau. Kisha nikaenda kujifungia chooni kama mwizi, nikakaa humo mpaka ukaniuliza kama naumwa. Nilikuambia ni tumbo.

Kazi ya kutazama, Shamim, nilidhani naijua.

Wewe ulizaliwa Walukuba, hukohuko Jinja, lakini hukumbuki. Tulikaa chumba kimoja katika zile nyumba za wafanyakazi, baba yako, Mungu amrehemu, akiwa kiwandani. Bwawa la umeme lilikuwa jirani, nyaya zinapita juu ya vichwa vyetu, na sisi chini yake tunapika kwa makaa ya kununua kwa kopo. Ukaja mradi wa majiko ya udongo. Walisema yanakula kuni kidogo na hayatoi moshi, na msitu utapona. Wakatafuta mwanamke wa kupita nyumba kwa nyumba na karatasi, kuangalia kama watu wanayatumia. Mwanamke huyo nilikuwa mimi, nimekufunga mgongoni.

Nilikuwa naingia, naona jiko liko pale pembeni, safi, halina hata doa, naandika "linatumika". Nilijisikia mtu mkubwa. Sasa nijibu wewe uliyesoma: jiko linalosongewa posho, ugali wa watu tisa, kila siku litakuwaje safi?

Aliyenifumbua macho ni Mama Kasifa, jirani yetu wa ukuta mmoja. Nilimpitia kwa umbea tu, sikuwa na karatasi siku hiyo, nikakuta kuku wake ameatamia mayai ndani ya jiko la mradi.

"Mama Shamim, hii jiko ni mzuri sana," akaniambia. "Kuku yangu inapenda."

Nikamuuliza mbona halipikii. Akanitazama kwa huruma. "Mdomo yake kidogo. Sufuria ya posho ikikaa juu, nikisonga inataka kuanguka. Na kuni lazima nipasue kama vijiti ya meno. Nani atapasua? Wewe?"

"Lakini ulisema unalitumia!"

"Si uliniuliza na ile karatasi? Ningekuaibisha mbele ya watu yako?"

Nilirudi nyumba nyingi baada ya pale, bila karatasi. Majiko yalikuwa yanatunza vitunguu, mengine yanashikilia mlango, na sigiri zao za zamani za makaa zilikuwa zinawaka kama kawaida. Wala sikurekebisha nilichoandika. Mradi ulikwisha, ukasifiwa, ukaenda kwingine. Niliona ni jambo la kuchekesha, nikawa nalisimulia harusini.

Na wakati huohuo, bibi yako kule Nakaloke alikuwa analoweka maharage tangu usiku, anayachemsha vizuri, kisha anaifunga sufuria ndani ya kikapu alichokijaza majani makavu ya ndizi na blanketi kuukuu. Anakwenda shambani, akirudi yameiva. Gunia lake la makaa lilikuwa linakaa mpaka majirani wanamshuku. Hakuna aliyekuja kumpiga picha. Kikapu hakina nembo, na hakuna wa kumkabidhi mwenziwe mbele ya wageni. Ukifika kwa mtu, kwa hiyo, weka karatasi mfukoni kwanza. Omba maji ya kunywa, kaa, tazama majivu yako wapi. Mtu akikuambia ndiyo, huenda anakuheshimu tu.

Hilo la majiko lilikuwa kosa dogo. Halikuua mtu. Hili la pili ndilo lililonifanya nikuandikie.

Tulipohamia huku Mbale, mvua ilikuwa imeshaanza kuharibika. Wewe umekua nayo hivi, hujui kwamba zamani ilikuwa na adabu. Siku hizi inachelewa mpaka watu wanakata tamaa, kisha inakuja yote kwa siku moja na kuondoka na udongo. Bibi yako alichimba mitaro ya kushika maji katika shamba lake la Nakaloke, kukatiza shamba, akafunika udongo kwa majani. Mvua ilipokatika kati ya msimu, mahindi ya majirani yalikauka na maharage yake yakabaki kijani. Niliona kwa macho yangu mwenyewe. Nilikula maharage yale. Hapo ndipo nilipoponzwa, maana kitu ulichokiona kwa macho yako hukiulizi tena maswali. Na Nakaloke ni tambarare kama mkeka, hilo sikulifikiria hata mara moja.

Basi ukaja mradi wa mitaro kule mlimani, kwenye mashamba ya kahawa. Walitaka mtu wa kuwasemea. Mafunzo yalifanyika katika darasa la shule ya msingi, watu wazima wamejibana kwenye madawati ya watoto. Mtaalamu alikuwa kijana Mkenya, mpole, viatu vyake vina matope ya kweli. Alisema Kiswahili, na kule juu Kiswahili kinawakumbusha wazee askari na miaka ya kupigwa. Ukikisema kwa sauti unaona mabega yanapanda. Ndiyo maana nilichukuliwa mimi. Yeye anasema kwa Kiswahili, mimi nayageuza maneno kwa Kigisu, lugha yao, mabega yanashuka. Niliipenda kazi ile. Nilipenda jinsi walivyokuwa wananitazama mimi badala ya yeye.

Majembe mapya yalikuwa yameegemezwa ukutani, na nje kivulini kulikuwa na miche ya kahawa, ya kila atakayejiandikisha.

Karibu na mwisho yule kijana aliweka chaki mezani akaniambia taratibu, "Mama, hili waambie vizuri. Mitaro hii si ya mahali penye mwinuko mkali, wala si ya udongo uliowahi kusogea. Huko maji yakizama yanaulegeza mlima kutoka ndani. Mwenye shamba la namna hiyo asichimbe, tutamtafutia njia nyingine."

Niliwatazama. Hakuna hata mmoja mle ndani ambaye shamba lake halikuwa limesimama kama ngazi. Nikiyafikisha maneno yale, wote wataondoka mikono mitupu, na wiki ijayo mradi utakwenda kwa watu wengine. Walikuwa wamevaa nguo zao za kanisani kwa ajili ya siku ile. Nikafungua mdomo nikasema, "Anasema mchimbe kwa uangalifu, msikaribie sana nyumba."

Wakaitikia. Yule kijana alipoona wanaitikia, alinishukuru.

Kisha akasimama bibi mmoja, mama mkwe wa Mama Nambozo. Mama Nambozo ndiye mwenye nyumba ya juu kabisa kule, yule mwenye sauti kubwa aliyekuletea ndizi ulipofaulu mtihani. Bibi yule akasema kwa Kigisu kwamba upande ule wa mlima uliwahi kutembea, yeye akiwa msichana. Ulibeba zizi na ng'ombe ndani yake, na tangu hapo wakwe zake walikataza mtu kuzuia maji pale.

"Anasema nini?" mtaalamu akaniuliza.

Nikamwambia, "Anashukuru kwa majembe."

Soma hapo tena kama unataka. Mtaalamu alijua. Bibi alijua. Walikuwa wanasema jambo lilelile, mmoja kwa Kiswahili, mwingine kwa Kigisu, na mimi nimesimama katikati yao natabasamu. Nilidhani nawasaidia watu. Mpaka leo nikijiuliza kama nilikuwa na nia mbaya, najijibu kwamba sikuwa nayo, na jibu hilo halinipi usingizi.

Misimu ya kwanza kahawa ya kule ilipendeza mpaka watu wa upande wa pili wakaja kutazama. Mitaro ilijaa, maji yalizama, miche ikanenepa. Wageni wakaletwa kwa magari, nikapigwa picha nimesimama ndani ya mtaro nacheka. Nikatia sahihi karatasi kwamba njia hii imefaa na inafaa kupelekwa kwingine. Wala haikuwa uongo siku ile, Shamim. Kahawa ilikuwa imestawi kweli. Hilo ndilo linalonitisha kuliko yote: kitu kinaweza kuwa kinalisha watu na kinawachimbia kaburi kwa wakati mmoja. Faida yake inaonekana mapema, kila mtu anaishika mkononi. Ule ubaya unakaa chini, hauna haraka.

Wiki mbili zilizopita nilikuambia nakwenda kuhani msiba. Hapakuwa na msiba. Mama Nambozo alikuwa amenitumia salamu kwa mwanamke anayeuza ndizi sokoni, kwamba mlango wake umekataa kufunga na fundi wa kule ameuranda mara mbili, nimtafutie fundi mzuri wa mjini. Mwenye kuuza ndizi alinipa habari hiyo kama kichekesho. Mimi nilikunja vitambaa vyangu vya kuuza palepale.

Nilipanda peke yangu. Mlango haukuwa na kosa lolote. Nyumba ndiyo iliyopinda. Nyuma yake, juu ya mtaro wa kwanza, alikuwa ametandaza majani ya ndizi, akasema ni kwa sababu kuna mwanya na vifaranga vinaingia. Niliyafunua. Ufa ulikuwa umekatiza shamba lote kutoka migomba ya upande huu mpaka ya upande ule. Niliingiza fimbo niliyopandia, ikazama yote, sikugusa mwisho. Miti ya kahawa ya chini ya ufa ilikuwa imeinama kuelekea bondeni, yote upande mmoja. Na chini ya nyumba, mahali ambapo hapakuwa na maji tangu aolewe, palikuwa pametokea chemchemi, maji ya rangi ya chai. Mama Nambozo alinionyesha kwa furaha. Alisema Mungu amemwonea huruma, hachoti mbali tena.

Nikamwambia wasilale pale. Nikamwambia mitaro yote itobolewe pembeni maji yatoke, na wao washuke chini kwa jamaa mpaka mvua hizi ziishe.

Alicheka. Huniita Hajati, ingawa Makka sijaiona hata ndotoni. "Hajati, si wewe ndio ilituambia chimba? Watu ya mradi ikaleta wageni, ikapiga picha. Sasa unasema toboa? Hii maneno imetoka wapi?"

Nafasi ilikuwa hiyo, mwanangu. Tulikuwa wawili tu, amenishika mkono. Nikasema, "Wataalamu wamebadilisha mawazo."

Ndiyo. Nilisema hivyo. Nilimtupia yule kijana wa watu kosa langu, tena kwa mdomo uleule.

"Ah! Leo chimba, kesho toboa," akasema. "Ngoja ibadilishe mawazo tena." Kisha akawa mpole. "Na Hajati, mwaka huu kijana yangu anasimama. Atasimama wapi? Kwa uwanja ya watu? Baba yake alisimama hapa. Babu yake hapa. Tukimaliza imbalu, tutaongea."

Wewe umekua na marafiki wa Kigisu, huhitaji kuelezwa. Katika imbalu kijana hutahiriwa akiwa amesimama uani kwao, bila kutikisika, ukoo mzima unamtazama, na huwezi kumwambia mama mwanawe akasimame kwa watu. Ngoma nilizisikia nikishuka. Siku yenyewe watajaa pale uani, wajomba, shangazi, watoto, wachezaji na njuga zao, wote chini ya ufa ule, na mvua ndiyo hii inayonyesha kila alasiri. Nilimpelekea habari mwenyekiti wa kijiji. Alisema ataipeleka mbele, akaniuliza kama mimi ni mtaalamu. Nilimjibu kwamba mimi si mtaalamu, nikaondoka.

Yule bibi amekwisha kufa. Mtaalamu alirudi kwao na simjui tena alipo. Yaliyosemwa mle darasani yamebaki kwangu peke yangu, na nimeyakalia.

Juzi ukanisomea ratiba yako. Utaanza na mradi wa mlimani, kwa sababu umefanya vizuri na wanafikiria kuupeleka kwenye miteremko mingine. Ulifurahi, ukasema utakuwa unapita nyumbani. Nikakuambia naona fahari. Fahari naiona, usinielewe vibaya. Lakini nilikuwa naona pia milima mingine, na mwanamke mwingine kama mimi amesimama mbele ya madawati.

Sikufundishi kazi. Vitabu vyako sivijui. Nakuambia tu ninachokijua kwa kuchelewa. Watakuonyesha kahawa kwanza. Ni nzuri, isifu. Kisha panda juu yake, mpaka mahali ambapo wageni hawapelekwi kwa sababu viatu vyao havifai. Uliza milango. Uliza maji mapya. Waulize wanawake wazee ni wapi wakwe zao waliwakataza kulima, na wakikujibu, awepo mtu wa pili anayesikia lugha ile, amsikilize huyo mkalimani anayekugeuzia maneno. Usiniambie kwamba mkalimani ni mtu mwaminifu. Mimi nilikuwa mwaminifu, muulize yeyote sokoni.

Na usiwe mtu wa kudharau kila kitu kwa sababu umeona kimoja kimeharibika. Hilo nalo nimeliona, watu wanaokaa kivulini wakisema hakuna linalofaa. Mitaro ya bibi yako inafaa, leo hii umekula matunda yake. Miti ya kivuli katikati ya kahawa inafaa, nimeona mizizi yake. Jiko lile la Walukuba lingefaa kwa mtu anayechemsha chai ya watu wawili. Shida ni kwamba watu wanataka jibu moja la kubeba kwenye gari na kushusha kila mahali, na anayesema "hapa sawa, pale hapana" anaonekana mkorofi. Kuwa mkorofi. Nilikulea uwe na adabu, sasa naiogopa adabu hiyo.

Naogopa mambo mengi leo. Naogopa uso wako utakapofika kwenye habari ya yule bibi. Naogopa kuitwa muuaji sokoni ninakouzia vitambaa kwa miaka yote hii. Tangu siku ile darasani nimeiogopa aibu kuliko nilivyouogopa mlima, na ndiyo maana ufa umepata muda wa kupanuka.

Kwa hiyo hivi ndivyo nilivyoamua, na usinipigie simu kunizuia. Kesho nikishakupandisha gari sirudi nyumbani. Nguo zangu nimezifunga pamoja na mkeka wa kusalia. Napanda kwa Mama Nambozo. Nitawaomba wakusanyike palepale uani, nitasema maneno ya yule mtaalamu yote, kama alivyoyasema, na maneno ya bibi yao yote, na nitasema ni nani aliyeyazuia. Wakinipiga, wamenipiga. Wakihama, nitabeba nao masufuria. Wakikataa, nitakaa kwao, nitalala kwenye chumba chenye ule mlango, na kila asubuhi nitasema tena, mpaka wahame au wachoke nami. Siwezi kuwaambia ni hatari kisha nikashuka kwenda kulala Nabuyonga.

Mmepangiwa kufika wiki ya tatu. Ukishuka kwenye gari na wenzako, usinikimbilie, usiniite mama. Nitakuwa nimekaa na watu wa kule. Fungua karatasi yako uniulize kama unavyowauliza wengine: ulisema nini siku ile, na hukusema nini. Nitajibu, nawe andika, hata kalamu ikiwa nzito.

Na kama mtafika mkakuta hakuna wa kuulizwa, iweke barua hii ndani ya faili lile, juu ya ile picha yangu, na mtu yeyote asipeleke mitaro ile kwenye mlima mwingine.

Mama yako,
Zaituni